Franga ya shimo ipite kwanza ku sufuria

Siku moja jirani alinisifu mbele ya watu, pale ku robinet. Alisema kwa sauti: "Angalieni mutoto wa huyu mama venye ananona! Papa yake akiuza coltan, mutoto naye anajaza mashavu." Wamama wote waliokuwa wanapanga bidon wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nilirudi nyumbani na lita 20 kichwani bila kusikia uzito. Mtoto wangu wa pili alikuwa na mwaka mmoja na miezi saba, na kweli mashavu yake yalikuwa yamejaa. Miguu vilevile.

Haikupita juma mbili, reko wa kartiye yetu akapita parseli kwa parseli na ule mkanda wa kijani, manjano na nyekundu wa kupima mkono wa mtoto. Alipima, akanyamaza. Kisha akachukua mguu wa mtoto, akabonyeza kidole gumba juu ya unyayo, akahesabu moja, mbili, tatu, akatoa kidole. Shimo likabaki pale kwenye nyama, halikurudi. Akafanya mguu wa pili, vile vile. Akaniambia polepole, kama mtu anayeogopa kukosea heshima: "Mama, huyu hananone. Huyu anavimba."

Bwaki. Mu nyumba yangu. Na mwezi ule ndio mume wangu aliuza vizuri kuliko miezi yote ya maisha yake ya shimo.

Ninaandika haya kwenye ukurasa huu wa Kiswahili juu ninajua wenye wanausoma. Ni watu wa shimo, wanaoshuka Goma kutoka Rubaya, Walikale, Numbi, na ni wake zao na mama zao wanaobaki Ndosho, Katoyi, Majengo na kule Sake. Mambo ya bei ya madini, wako wenye wanayajua kunishinda. Mimi nataka kusema juu ya sufuria. Na mawazo yangu ni haya: franga ya shimo inapitia fasi mingi mbele ya kufika mu sufuria, na ikifika iko imechoka. Ningependa ipite huko kwanza.

Wale wasiojua maisha ya carré wanafikiri mchimbaji anapokea kama mwalimu, mwisho wa mwezi. Hapana. Mchimbaji anaweza kumaliza juma tatu, ine, anatoboa mlima bila kuona hata kilo moja ya maana. Siku zote hizo anakula kwa deni. Manager anatoa foufou, maharagi, sigara, kanyanga, na yote inaandikwa mu kaye. Siku mali inaoshwa na kuuzwa, kaye inafunguliwa, deni inakatwa, na ile inayobaki inamwangukia mtu mkononi kwa mara moja. Ni kama mvua ya Goma. Mvua inapiga saa moja, unafikiri dunia inajaa maji, halafu maji yote inazama chini ya mawe ya volkano, na kesho yake unatafuta bidon. Mwenye aliweka tanki chini ya mabati ndiye anaoga.

Sisi hatukuwa na tanki. Mume akifika, ilikuwa sikukuu. Nyama kilo tano, mchele, sucré kwa watoto, bia kwa wageni, na wageni hawakukosekana: shemeji, majirani, vijana wa shimo waliosindikizana naye. Nilipika tangu asubuhi. Watu walikula, wakashukuru, wakasema huyu ni mwanaume. Siku ya tatu tulikuwa tunakula mabaki. Siku ya saba tulikuwa kwenye bugali na sombe, na tulibaki pale mpaka venti nyingine. Na sikuona ubaya. Tulikuwa tunashiba.

Pale kituo cha afya, mama muganga hakunikaripia. Aliuliza tu:

"Jana mulikula nini?"

"Bugali na sombe."

"Na juzi?"

"Bugali na sombe."

"Siku ya yenga iliyopita papa alikuwa nyumbani?"

Nikainua kichwa. "Ndiyo, na tulikula nyama!"

"Mutoto alikula vipande ngapi?"

Nilinyamaza. Mtoto alikula supu. Vipande vilienda kwa papa na kwa wageni, kama kawaida. Watoto wakubwa waligombania vilivyobaki mu sahani moja, na huyu mdogo, mwenye mkono mdogo kuliko wote, alichovya bugali mu supu.

Nataka nieleze vizuri hapa, juu najua kuna watu wataanza kusema sombe inaleta bwaki. Hapana, msiisingizie sombe. Majani ya muhogo iko na nguvu ya kujenga mwili, mradi itwangwe vizuri na kuchemka muda mrefu ili ile sumu ya muhogo itoke. Shida ni ya hesabu. Tumbo ya mtoto wa mwaka mmoja ni kama ngumi yake. Ukiijaza bugali ya muhogo, ambayo karibu yote ni wanga, fasi inayobaki ni ya vijiko viwili vya mboga. Mtoto analala akiwa ameshiba na mwili wake uko na njaa. Mama anaona tumbo imejaa, analala naye.

Mtoto alipewa zile pakiti nyekundu za pâte. Nyumbani nikaangalia pakiti moja, nikaonja kidogo na ncha ya ulimi. Karanga! Karanga, maziwa, sukari, mafuta, na vitamini zilizochanganywa na wataalamu. Baadaye nilisoma kwamba watu wawili, André Briend na Michel Lescanne, ndio waliibuni huko Ufaransa mwaka 1996, na leo inatumika dunia nzima. Nilikaa chini kwenye kiti cha jikoni. Mtoto wangu alikuwa anaokolewa na karanga, na mimi nilikuwa napita karibu na karanga kila asubuhi ku soko ya Virunga bila kusimama, juu karanga ni kitu cha kutafuna wakati wa kungoja transporti. (Tusielewane vibaya: karanga ya kutwanga nyumbani haiponyeshi bwaki. Mtoto akivimba miguu, akibadilika nywele, akikataa kucheka, apelekwe kituo siku ile ile. Karanga ya nyumbani ni ya kumzuia asifike huko.)

Na nilipoanza kuuliza, niliona kwamba si mimi peke yangu. Uchunguzi wa taifa wa 2013-2014 ulikuta kwamba hapa Nord-Kivu watoto kama watano juu ya kumi, chini ya miaka 5, ni wafupi kuliko umri wao juu ya kukosa chakula cha kujenga mwili. Nord-Kivu hii hii! Fasi yenye viazi vya Masisi, fromage, maharagi ya Rutshuru, shu na karoti za Kibumba, ndizi, avoka zinazooza chini ya mti. Vita imebeba sehemu kubwa ya lawama, na nitairudia. Lakini si nyumba yote inakosa kwa sababu ya vita. Yangu haikukosa.

Sasa niwaambie juu ya ile siku tuligombana.

Mtoto alikuwa amepona, anatembea. Mume akashuka na franga, na mimi nilikuwa nimeamua. Sikupika sikukuu. Nilipika maharagi na lengalenga, bugali ya mahindi, na pembeni sahani kubwa ya sambaza. Akafunua sufuria, akafunika. Akaniangalia. "Mimi natoka chini ya udongo juma ine, na unanipa sambaza?" Nikaanza kueleza mambo ya muganga. Akasema neno moja ambalo mpaka leo liko mu masikio yangu: "Na nikifa kesho mu shimo, nitakuwa nilikula nini?" Akavaa viatu, akaenda kula brochette barabarani.

Sikuwa na jibu. Wamama wenzangu, wenye kuwa na bwana mu shimo, munajua kwamba hilo si neno la kuchezea. Mvua ikinyesha Masisi usiku, sisi hatulali huku Goma. Mtu anayeingia chini ya mlima na tochi kichwani iko na haki ya kutaka nyama. Nilikaa na sahani yangu ya sambaza, nikalia kidogo, kisha nikala. Halafu nikafikiri: yeye anaweza kufa kwa kushuka shimoni, lakini mtoto wetu alitaka kufa bila kushuka fasi yoyote, pale pale kando ya mbabula, papa yake akiwa na dola mu mfuko. Hata hiyo sikumwambia. Nilimwambia siku nyingine, wakati alikuwa anamfunga mtoto viatu.

Ninafikiri shida yetu kubwa ni haya. Tunaona haya kula chakula cha bei ndogo siku tuko na franga. Sambaza, maharagi, lengalenga, matembele, tunavipa jina la chakula cha maskini, na siku tumepata tunavikimbia kama mtu anayekimbia nguo zake za zamani. Nyama ni nzuri, sikatai. Lakini nyama ya siku mbili haijengi mtoto wa siku thelathini.

Chukua sambaza. Wengi hawajui kwamba huyu samaki ni mgeni mu ziwa yetu. Kivu ilikuwa na aina chache za samaki, na mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji, sambaza alitolewa ku ziwa Tanganyika akamwagwa huku. Alikubali maji ya hapa, akazaa, na leo ndiye mwenye ziwa. (Kama wengi wetu wa Goma, tuseme ukweli.) Wavuvi wanatoka jioni na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja na miti mirefu, wanawasha taa, samaki wanafuata mwanga, wavu unapandishwa. Asubuhi ukifika Kituku mapema unamkuta angali anang'aa. Huyu samaki tunamla mzima, kichwa, mfupa na yote, na hapo ndipo faida yake kubwa: ule mfupa mdogo unaotafunwa ndio unajenga mifupa na meno ya mtoto. Kipande cha nyama hakina mfupa wa kutafuna. Kwa mtoto mdogo sana, ninamkausha jua, ninamkaanga bila mafuta, ninamtwanga unga, na kijiko kimoja kinaingia mu uji. Hatasikia hata harufu, nawahakikishia, ukiweka ndizi ya kuiva ndani.

Maharagi ndiyo nguzo ya nyumba yangu sasa. Jioni, mbele ya kulala, ninaosha na kuloweka mu maji mingi. Asubuhi ninamwaga ile maji, naweka mpya, ninabandika na mfuniko. Mwenye hajawahi kuloweka atashangaa makala anayookoa, na tumbo haitasumbua kama zamani. Na makala tunajua bei yake, na tunajua mingi inatoka wapi, ndani ya mbuga yetu ya Virunga, yenye ililindwa tangu 1925 na tunaimaliza mfuko kwa mfuko. Maharagi ikianza kulainika, ninaitoa motoni, ninafunga sufuria na blanketi ya zamani mu kikapu, na inamaliza kuiva yenyewe wakati ninafua. Bibi yangu hakufanya vile, miti ilikuwa mingi wakati wake.

Kuna maharagi yenye chuma mingi, wakulima wengine wanaiita hivyo hivyo, maharagi ya chuma. Mbegu zake zilitoka ku kazi ya watafiti wa INERA ya Mulungu, kule Sud-Kivu, pamoja na HarvestPlus. Ukiipata ku soko, chukua hiyo, hasa kama uko na mimba ama binti anayekua. Kama haipo, chukua yoyote, lakini kumbuka mambo mawili. La kwanza, tia tomati mbichi ama kamua limau juu ya sahani, juu ile ukali wa limau inasaidia damu kuchukua chuma cha maharagi. La pili, chai isikae karibu. Sisi watu wa Goma tunapenda kusukuma chakula na chai ya moto, na chai inafunga chuma kisiingie. Ngoja saa moja, kunywa chai yako kwa amani.

Lengalenga inaingia dakika za mwisho, isichemke mpaka iwe nyeusi. Mu sombe ninatia karanga iliyotwangwa ama ndagala, na hapo sombe inakuwa chakula kingine kabisa. Uji wa watoto ni ule wa mahindi, sorgo na soja, wengi munaujua. Soja tu ikaangwe vizuri mbele ya kusagwa, mbichi inaharibu tumbo. Kichanga mpaka miezi sita, ziwa la mama peke yake, hata maji hapana, hata nyanya yake aseme nini.

Na kile kikiube cha kutia ladha. Aa, hapa nitapoteza marafiki. Nimeona mama anatia vinne mu sufuria moja ya watu sita, na chumvi juu yake. Sehemu kubwa ya kile kikiube ni chumvi. Shirika la afya duniani, OMS, linasema mtu mkubwa asipite gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, pamoja na ile iliyojificha mu mkate na mu samaki wa chumvi. Wazee wetu wangapi wameanguka ghafla na tumesema ni kulogwa? Tangausi, kitunguu, ail, seleri, pilipili kidogo: jaribu juma moja, ulimi utazoea. Mimi sasa natia kimoja, siku ya wageni. Sijawa mtakatifu.

Sucré sitaongea mingi. Chupa moja ndogo iko na sukari ya vijiko saba hivi, na bei yake ukiongeza kidogo unapata mayai. Basi.

Kilichomgeuza mume wangu si maneno yangu. Mwisho wa Januari 2025, kila mtu wa Goma anakumbuka alikuwa wapi. Sisi tulikuwa chini ya kitanda. Maji ilikatika, umeme ukakatika, hakuna soko, hakuna kutoka. Yeye alikuwa nyumbani, alishuka siku chache mbele. Na chini ya kile kitanda tulichojificha kulikuwa na mfuko wa maharagi, kopo la ndagala kavu, karanga na mafuta ya mawese, vitu nilivyokuwa nimenunua kidogo kidogo kwa kujificha, ndiyo, kwa kujificha, nikikata juu ya franga ya nyama. Tulipika usiku kwa maji ya bidon za akiba. Jirani yule yule wa robinet alituma mtoto wake na bakuli, kisha jirani mwingine. Mume aliangalia ule mfuko unavyoshuka na hakusema kitu. Siku barabara zilifunguka kidogo akaniuliza: "Mfuko mwingine ni bei gani?" Nikajua tumeelewana.

Kwa hiyo sasa tunafanya hivi, na si sheria ya mtu yeyote, ni ya nyumba yetu. Siku anauza, hata mbele ya kuvua magwanda, kuna sehemu inayotoka kwa simu inakuja kwangu, na jina lake ni mfuko. Hiyo haina ndugu, haina rafiki, haina matanga. Inanunua maharagi, unga, mafuta, karanga, ndagala, chumvi, sabuni. Nafuatilia mavuno: maharagi ikitoka mashambani bei inashuka, na hapo ninanunua kwa miezi miwili kama Mungu ameleta. Mabenki ya Goma yalifunga milango siku zile za Januari 2025, na franga inayolala mu nyumba inaita wezi na inaita wageni. Maharagi inalala bila kuita mtu, mradi iwe kavu na panya wasiione. Sehemu ya pili ni shule na nyumba. Inayobaki ni yake. Anunue nyama, aite wenzake, sitauliza. Na nyama ikipikwa, kila mtoto iko na sahani yake, na mdogo anapakuliwa kipande chake mbele ya wageni. Siku ya kwanza shemeji yangu alicheka. Aliona mtoto anakula mbele yake, akasema mambo ya kizungu. Nikamjibu: "Kaka, kunywa maji, yako inakuja."

Kuna neno pia kwa ba manager na wenye mashimo, hata kama najua hamsomi ukurasa wa jikoni. Mnalisha watu wanaobeba mifuko mgongoni kwenye mlima kutwa nzima. Foufou na supu ya chumvi haitoshi. Maharagi yenye mafuta, karanga za kutafuna mchana, maji safi ya kunywa: mtu aliyekula vile anatumika vizuri na hashikwi na kizunguzungu kwenye ngazi ya shimo. Kizunguzungu huko chini, munajua kinaishia wapi. Na mtu anayenunua chakula mu kaye yenu kwa bei mara mbili ya soko, deni yake inakatwa ku mdomo wa mtoto aliyebaki Ndosho. Kanyanga nayo, acheni kuiandika kama chakula.

Kwa vijana wenyewe: mama wa malewa pale carré anapika kile munachoomba. Mukimuomba maharagi na majani, atapika, na itakuwa bei ndogo. Mukipanda asubuhi, mayai mawili ya kuchemsha na karanga mu mfuko haina uzito kuliko simu.

Nilisema nitarudi kwa vita. Iko mama aliyeacha shamba lake Masisi likiwa na maharagi inakaribia kuiva, akabeba watoto na godoro, akalala chini ya bache juu ya mawe, akafukuzwa tena kutoka pale. Huyo simwambii aloweke maharagi. Hana maharagi. Njaa yake si ya upishi na hakuna kaya ya mapishi itakayoiponya. Inaponywa na njia iliyo salama mpaka ku shamba. Ninaogopa sana watu wanaokuja na mabango ya "kula vizuri" kwa watu kama hao. Ninaongea na wale ambao franga inapita mkononi, hata kama inapita mbio, na ni wengi mu kartiye zetu kuliko tunavyokubali.

Mtoto yule sasa anaingia shule ya msingi mwaka huu. Ni mfupi kidogo kuliko wa rika lake; muganga alisema pengine hatarudisha yote. Ana mdomo mrefu, lakini. Juzi papa yake alipiga simu kutoka juu, mtandao unakatika-katika, akasema wameosha mali na kesho anashuka. Mtoto akaninyang'anya simu, akauliza kama papa analeta nyama. Nikasikia mume anacheka kule mlimani. "Naleta," akasema, "lakini ambia mama aweke maharagi mu maji."